Chumvi ya Kabla ya Bomba

Kiwandani waliniita Daktari na, sitasema uongo, jina lilinikaa vizuri. Nilivaa koti jeupe, glavu za mpira na miwani ya plastiki iliyonibana masikio, na kazi yangu ilikuwa kuitia chumvi dawa. Chumvi ilikuja kwa malori kutoka machimboni, ya kijivu, mabonge kwa mabonge. Iliposhaoshwa, ikakaushwa na kusagwa, ilipanda kwenye mkanda wa mpira mpaka kwangu. Mimi nilikaa juu ya jukwaa la chuma, pembeni ya tangi la maji ya dawa. Bomba jembamba lilinyunyiza, chumvi ikapita chini yake, ikachanganywa na parafujo kubwa kuliko mtu, kisha ikaenda zake kwa wapakiaji. Kila baada ya saa moja nilichota kijiko, nikadondosha matone mawili ya kipimo, nikasubiri. Ikigeuka zambarau, nzuri. Ikibaki nyeupe, simamisha mkanda. Kwa miaka sita sikupitisha mfuko hata mmoja mweupe, na hilo naweza kuliapia popote.

Dawa yenyewe ni madini joto; wengine huyaita iodini. Mji wetu uko juu milimani, mbali na bahari, na mvua imeuosha udongo wake mpaka madini hayo yameisha. Ndiyo maana wazee wetu wengi wana rovu, uvimbe ule wa mbele ya shingo ambao zamani watu walidhani ni dalili ya utajiri. Kwenye semina tulifundishwa kwamba mwili unayahitaji kidogo mno: yale ya maisha yako yote, tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa, yanaenea kwenye kijiko cha chai. Nilipenda sana kuyasema maneno hayo. Niliyasema kwa kinyozi, niliyasema kwenye foleni ya maji, hata msibani niliwahi kumshika mtu shati nikamweleza. Watu walisikiliza. Mwenye koti jeupe husikilizwa.

Sasa nieleze habari ya getini, maana balaa lilianzia huko. Chumvi ikishapita chini ya bomba ilikuwa mali ya kampuni. Ukikamatwa nayo hata kiganja kimoja, kazi huna. Lakini ile ya kabla ya bomba, iliyomwagika chini ya mkanda au kusalia kwenye mashine ya kusagia, haikuwa na mwenyewe. Askari wa getini aliiita mchanga. Kila Jumamosi mchana tulipotoka, kila mfanyakazi alipita na mfuko wake wa mchanga, na askari aligeuza uso kama vile amesikia mtu anamwita upande wa pili. Ndiyo ilikuwa bahashishi yetu, na hakuna meneja aliyewahi kuigusa.

Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye mstari. Si kwa ubahili tu, ingawa ubahili ninao. Mapipa ya dawa yalibandikwa picha ya mwali wa moto juu ya duara, na chini yake maandishi ya kukutisha usiguse bila glavu. Mtu ukishinda kutwa nzima unaogopa kitu kisikurukie machoni, jioni hutamani kukiona kwenye sufuria yako. Nilijua kwamba kikishachanganywa hakina madhara yoyote. Kichwa kilijua. Tumbo ndilo lililokataa. Siku ya kwanza nilipoleta mfuko nyumbani nilimwambia mke wangu, tena kwa kujigamba, "Hii ndiyo chumvi yenyewe, haijaguswa. Ile yenye moto waachie watu wa madukani."

Alicheka, akaimimina kwenye kopo. Tangu siku hiyo hatukununua chumvi, isipokuwa mwezi mmoja nilipoumia mguu. Mkono wangu uliwalisha madini joto watu wa mji mzima na miji ya jirani, na ndani ya nyumba yangu mwenyewe karibu haikuingia hata chembe. Mambo hayo mawili sikuwahi kuyaweka pamoja kichwani. Nawachukia watu wanaosema hawakujua. Mimi nilijua kila kitu, nikawa mjinga hivyo hivyo.

Tulikuwa na mabinti watatu. Mkubwa, Dada, alikuwa na miaka kumi na miwili, mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza. Wa pili tulimwita Redio kwa sababu haikupatikana namna ya kumzima. Hao wawili walizaliwa kabla sijaajiriwa kiwandani. Wa tatu alikuja baadaye. Alizaliwa mzito, mkimya, mwenye ulimi mnene uliokosa nafasi mdomoni. Hakulia usiku. Hakulia hata njaa; mama yake ndiye aliyemwamsha anyonye. Wageni walimsifu, "Mtoto gani huyu hana usumbufu!" Nasi tukajivuna, tukambandika jina la Tulia.

Alipofika miaka minne, Tulia alikuwa na kimo cha mtoto wa miwili. Alitembea kwa kushika ukuta. Hakutamka neno. Ungeweza kuangusha mfuniko wa sufuria nyuma yake na asigeuke. Mke wangu ni fundi cherehani; aliweka mashine yake sebuleni, akishona sare za shule, na Tulia alikaa sakafuni ameegemeza shavu kwenye mguu wa ile mashine. Ilipokimbia, alitabasamu. Iliposimama, aliigonga kwa kiganja iendelee. Hiyo ndiyo furaha yake niliyoijua.

Mama yangu mzazi alitoa hukumu mapema: ni damu ya upande wa mke wangu.  Mke wangu alirudi kwenye mashine na kushona, na nikamwona anashona mshono ule ule mara mbili. Nilipaswa kumwambia mama anyamaze. Nikaona bora amani.

Na wakati huo mke wangu alikuwa mjamzito tena, miezi minne. Wanawake wengine huomba mtoto wa kiume au wa kike. Yeye aliomba huyu asikie. Alikuwa anasema waziwazi, akikunja nguo au akichambua mboga, "Mungu wangu, huyu asikie tu. Mengine nitamfundisha mwenyewe." Shingo yake ilikuwa imeanza kujaa mbele, chini kidogo ya kidevu, nami nilimtania kwamba ananenepa kwa raha za chumvi ya bure. Alicheka, akaanza kujifunga kitambaa shingoni. Mzaha huo ukinijia sasa natamani nijing'ate ulimi mpaka ukatike.

Siku moja Redio aliingia kutoka shule akiwa bado mlangoni na habari imeshafika sebuleni.

"Shikamoo baba. Baba, chumvi yetu mbovu!"

"Marahaba. Nani kasema?"

"Amekuja mtu wa lishe. Tuliambiwa kila mtu alete kijiko kimoja cha chumvi ya nyumbani. Akaidondoshea dawa. Ya wenzangu wote ikawa zambarau. Yangu nyeupe. Na ya watoto wa Mama Pacha nyeupe. Wakatucheka!"

Mama Pacha alikuwa jirani yetu, mshona midomo ya magunia kiwandani. Mke wangu alisimamisha mashine akanitazama. Hakuwa na wasiwasi; alikuwa anasubiri tu nilitatue, maana chumvi ilikuwa fani yangu. Nami nikajibu haraka, haraka mno, "Kipimo chao kimepitwa na muda. Vile vichupa vikikaa juani havifanyi kazi tena."

"Umesikia?" mke wangu akamwambia Redio. "Kesho waambie chumvi ya mji huu anaipima baba yako."

Akaendelea kushona, na uso wake ulikuwa na fahari kidogo. Fahari hiyo ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu hata kabla ya kumaliza sentensi yangu nilishajua nilichokuwa nakula miaka sita.

Keshokutwa yake yule mtu wa lishe alifika kiwandani. Wapakiaji walishamwita Bwana Lishe kabla hajavuka geti. Alikuja na sanduku la karatasi ndogondogo, kila moja na chumvi na jina la mtoto, akampangia Meneja mezani. Alikuwa na hasira za mtu aliyekamata wezi.

"Shule nzima zambarau," alisema, "isipokuwa watoto kumi na saba. Na hao kumi na saba wote wazazi wao wanafanya kazi hapa. Mnawauzia wafanyakazi wenu chumvi gani?"

"Hatuwauzii chochote," alisema Meneja, naye ameshapanda. "Pima unachotaka. Pasua gunia lolote."

Wakapasua magunia kumi. Mimi ndiye niliyeshika kipimo. Zambarau, zambarau, zambarau, mpaka la kumi. Bwana Lishe alikuna kichwa. Akaniuliza, kwa heshima, maana aliona koti, "Mtaalamu, hili linawezekanaje?"

Mama Pacha alikuwa amesimama kwenye lundo la magunia, sindano yake ya kushonea mkononi, ananiangalia. Wote waliniangalia. Mfuko wa Jumamosi ulikuwa siri ya kila mtu. Nikisema, umekwisha, halafu mtu mmoja atauliza, Daktari, wewe si ndiye uliyesoma? Si ndiye unayetuhubiria habari za kijiko cha chai? Nikasema, "Labda wanaihifadhi vibaya. Kopo likikaa wazi karibu na jiko, madini joto hupotea."

Hilo ni kweli kabisa. Limeandikwa hata kwenye mfuko. Nililichukua jambo la kweli nikadanganya nalo.

Bwana Lishe alikubali. Alifunga sanduku lake, na huku akifunga alimwambia Meneja, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Unajua, mwili unahitaji chembe tu za madini haya, ya chuma, ya zinki, yote. Mengi yakikosekana unaweza kuyarudisha. Haya ya joto ndiyo yananiogopesha. Mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto haujengeki sawasawa. Masikio nayo. Na ukishachelewa umechelewa." Akaaga. Akasema atarudi kufuatilia. Baadaye nilisikia amehamishwa kituo.

Nikapanda jukwaani kwangu. Mkanda ulikuwa unakwenda, chumvi inapita chini ya bomba inaloa, nami nilishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Nilimwona Tulia ameegemeza shavu kwenye mashine. Nikahesabu. Nimeajiriwa, mwaka ukapita na ushee, akatungwa mimba. Mama yake alikula mchanga wangu karibu mimba ile yote. Niliwaza hivyo mpaka king'ora cha kutoka kilipolia, na muda wote ule sikupima hata mara moja.

Wiki hiyo nilimbeba Tulia peke yangu kwenda hospitali. Mke wangu alikuwa na sare arobaini za kumaliza, akafurahi kwamba nimejitolea. Daktari wa watoto, mama wa makamo mwenye mikono ya baridi, alimpapasa shingo, akautazama ulimi, akapiga makofi nyuma ya kisogo chake. Tulia aliendelea kuchezea kifungo cha shati langu.

"Mnatumia chumvi gani nyumbani?" aliuliza.

Nilimweleza. Kwake nilieleza yote, getini na mchanga na picha ya moto, kwa kuwa hakuwa mtu wangu na nilidhani sitamwona tena. Alisikiliza bila kuandika. Kisha aliuliza ninafanya kazi sehemu gani hasa pale kiwandani. Nilipomwambia, aliweka kalamu mezani akavua miwani yake.

"Nitampa vidonge," alisema. "Atachangamka. Choo kitakuwa cha kawaida, atarefuka kidogo, ngozi itapendeza. Utafurahi."

"Na kusikia?"

"Hapana, baba."

"Kuongea? Kusoma?"

"Mambo hayo hujengwa tumboni, miezi ya mwanzo hasa. Mlango ule umeshafungwa. Mtamfundisha kula mwenyewe, kuvaa, kujua watu wanaompenda. Hayo si madogo." Akaandika vidonge. Nilipokuwa mlangoni akaongeza, "Mkeo akija kupata mimba nyingine, mlete mapema. Mapema sana, unanielewa? Asingoje tumbo lionekane."

"Nimeelewa, Daktari," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita mtu mwingine jina hilo. Nikatoka na mwanangu begani.

Najua utauliza kwa nini sikurudi mbio nyumbani kumwambia mke wangu. Nimejiuliza zaidi yako. Njia nzima nilijiandalia maneno. Nilipofika alikuwa ameshika kitambaa cha shule na pini mdomoni, akauliza kwa macho, na nikamsikia mtu mwenye sauti yangu anasema, "Amepewa vidonge vya nguvu. Wanasema atachangamka." Alitoa pini mdomoni akacheka kwa sauti, akamrusha Tulia juu. Nani angeweza kuendelea hapo? Mtu mwenye moyo angeweza. Mimi sikuweza.

Niliona njia nyingine, ya kimyakimya. Nitabadilisha chumvi, basi. Atakula iliyo nzuri, mtoto atajengeka, na hakuna haja ya kumvunja mtu moyo na mimba tumboni. Nilijisifu hata kwa busara hiyo. Nilikwenda duka la mtaa wa tatu ili nisionwe, na bado mwenye duka alinitambua.

"Heh! Daktari wa chumvi ananunua chumvi? Kiwanda kimefilisika?"

"Ya mama mkwe," nikasema. "Anataka yenye picha kwenye mfuko."

Akacheka mpaka akakohoa. Niliimwaga ile ya zamani nyuma ya nyumba, nikalijaza kopo mpaka juu, nikaficha mfuko. Jumamosi nilipita getini mikono mitupu, na askari akaniuliza kama naumwa.

Miezi iliyofuata niliishi kwa matumaini. Vidonge vya Tulia vilifanya kazi kama tulivyoambiwa: alianza kutembea bila ukuta, akarefuka, akawa anakuja mlangoni nikiingia, ingawa ilikuwa lazima anione kwanza. Mke wangu aliona muujiza. "Unaona? Alikuwa amechelewa tu," alikuwa akisema. "Mwakani ataongea." Kila aliposema hivyo nilitafuta kazi ya kufanya nje. Lakini juu ya mimba nilikuwa na amani. Niliketi mezani nikimtazama anavyokula, nikihesabu matonge yake, kila tonge nikilipa deni la kijinga moyoni. Kula, mama, nilikuwa nawaza. Kula.

Shingo tu ndiyo haikupungua. Kitambaa kilizidi kukaza. Nilijiambia inachukua muda.

Jumapili moja asubuhi, mimba ina miezi minane, niliingia jikoni na mfuko mpya chini ya shati. Nilikuwa nimekadiria kwamba lile kopo, kwa nyumba ya watu watano, lazima liwe linakaribia kwisha. Nilikuwa nimeanza kushangaa kwamba haniambii. Kwa kweli sikuwahi kulifungua tangu siku ile. Mimi jikoni huingia kuchukua maji tu. Nikafunua mfuniko.

Kopo lilikuwa limejaa. Lilikuwa limejaa mpaka juu, kama nilivyoliacha, na uso wa chumvi ulikuwa umeganda ukawa mgumu. Niliugusa kwa kidole, haukubonyea.

Mke wangu alikuwa ameinamia jiko, anakoroga mboga. "Mama watoto," nikasema, "chumvi unapikia ipi?"

Aligeuka. Kwanza alikuwa na uso wa mtoto aliyefumaniwa kwenye sukari, halafu akatabasamu. Alipeleka mkono nyuma ya ndoo ya unga, akatoa chupa ya plastiki yenye mdomo mpana. Ndani mlikuwa na chumvi ya kijivu, chengachenga.

"Basi umenikamata," alisema. "Ananipa Mama Pacha, kila Jumamosi. Usimwambie nimekwambia. Nilijua wamekukatalia getini na unaona haya, baba watoto. Nikasema nisikuumbue."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ile uliyoleta ya dukani. Unafikiri sijui chumvi? Miaka sita napika!" Alicheka, kisha akaacha kucheka, akashika tumbo. "Sikiliza. Nilikuwa naogopa kukwambia maana ungejilaumu. Unakumbuka mimba ya Tulia, lile gunia lilipokuangukia mguu? Ulikaa nyumbani mwezi mzima. Tukala ya dukani. Mimi nimewaza mpaka kichwa kimeniuma: sikubeba mizigo, sikukosa kliniki hata siku moja, sikunywa dawa ya mtu. Kitu pekee nilichokula tofauti ni ile chumvi. Na wewe mwenyewe ulisema ina moto. Kwa hiyo hii mimba nimeilinda." Akasimama wima, akiwa na fahari ile ile ya siku ya kipimo. "Hata punje moja ya dukani haijapita."

Nikakaa juu ya ndoo ya unga. Mboga ilianza kuungua, naye akaniangalia asijue kama nacheka au nini. Nikamwambia. Sikupanga maneno safari hii, yalitoka yalivyotoka: mchanga, bomba, watoto kumi na saba, hospitali, vidonge si vya nguvu, mlango umefungwa. Aliniacha nimalize. Kisha, polepole, kama anayesaidia mtoto hesabu, alisema, "Dada na Redio. Wakati ule tulikuwa tunanunua dukani."

"Ndiyo."

"Na hao wanasikia."

 Alizima jiko. Nilitamani anitukane, anipige na mwiko, aite majirani. Alichukua ile chupa ya kijivu, akavuka uwanja kwenda kwa Mama Pacha, na aliporudi hakuwa nayo. Nilisikia kwa mbali mtu anapiga kelele moja fupi huko. Usiku ule mke wangu alilala chumba cha watoto. Kesho yake kiwandani hakuna aliyeniita Daktari, wala jina lingine lolote, na mimi sikufika kwenye jukwaa. Niliomba ruhusa getini nikageuza.

Tulikwenda hospitali sote watatu, mke wangu mbele, Tulia katikati, mimi nyuma.  Daktari yule yule alimpapasa shingo, akalipima tumbo kwa kipimo cha kamba, akampa vidonge, akamwambia avianze palepale, na glasi ya maji ikaletwa. Mke wangu alivimeza mbele yetu.

"Mtoto wangu atasikia?" akauliza.

"Sijui, mama. Tutajua akizaliwa, na mengine baada ya miaka. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye kazi kubwa." Alikuwa ameshavuta faili la Tulia. Alisoma ukurasa wa mwisho, akarudia tena, kisha akainua macho akanitazama mimi. "Wewe ulikuja hapa peke yako. Nilikwambia akipata mimba umlete mapema."

"Ndiyo," nikasema.

Akaangalia tarehe, akaangalia tumbo la mke wangu. "Siku ile ulipokuja, mimba ilikuwa na miezi mingapi?"

  Tulia alikuwa ameshika kidole changu anakivuta, anataka twende.

"Minne," alisema mke wangu, bila kunitazama. "Ilikuwa na miezi minne."